Nikahi, daftari la Serikali na fundi wa nyumba ya pili: jibu kwa mzee wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu.

Barua yako imenifikia, na kwa kuwa umeniruhusu niijibu hadharani, naisimulia kwanza kwa ufupi ili na wengine wafuate. Mjukuu wako anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam alikuja nyumbani Idd. Mkakaa barazani baada ya Alasiri, hapo Ngamiani, kahawa ikizunguka, redio ikataja nchi iliyohalalisha ndoa ya watu wa jinsia moja. Kijana akasema hiyo ni haki ya mtu binafsi, sawasawa na haki yako wewe ya kwenda msikitini. Wazee wakamjia juu: dini imekataza, na siku Serikali itakapokubali tu, masheikh na mapadri watalazimishwa kuzifungisha. Maneno yalipochemka, mmoja wenu akamtaja kijana aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwako, fundi cherehani, akasema mwendo wake na sauti yake vinamjulisha, na heri atolewe mtaani kabla hajawaharibu watoto. Unauliza mambo matatu. Je, ni kweli viongozi wa dini watalazimishwa? Haki ya mtu inaishia wapi na imani yako inaanzia wapi? Na yule fundi, sheria inasema nini juu yake? Umemaliza kwa kusema kwamba tangu siku ile usingizi unakupaa.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ndoa, talaka na mirathi. Ni binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani pia. Kwa hiyo ndoa nimefundishwa mara mbili: kwanza mkekani, mbele ya baba yangu, kisha darasani. Nikwambie mapema ninaposimama ili usinitafute kati ya mistari. Nikahi kwangu ni ya mume na mke, na siioni dini yangu ikibadilika katika hilo. Na yule fundi asiguswe. Mawili hayo nayashika kwa pamoja, na sioni kwamba yanagombana.

Kwanza tujue tulipo leo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, wenye nia ya kudumu maisha yao yote. Hapo hapana mlango wa pembeni. Wenzetu wa Kenya wameliweka jambo hilo ndani ya Katiba yao ya 2010, Ibara ya 45, kwamba mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti na yake. Basi mnapobishana barazani juu ya ndoa hizi, mnabishana juu ya nchi za watu, au juu ya kesho ambayo mimi siioni ikija Bungeni Dodoma. Suala la fundi ni la leo, tena la mtaa wenu. Ndiyo maana lilikunyima usingizi wewe na halikumnyima mjukuu wako.

Sasa nisikilize, maana fundo lenyewe liko hapa. Neno ndoa kwetu limebeba vitu viwili. Kimoja ni nikahi. Baba alitufundisha nguzo zake tano kwa madhehebu yetu ya Shafi: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Zikitimia, ndoa imefungwa mbele ya Mungu, hata kama imefungwa chini ya mwembe na hakuna aliyeshika kalamu. Wakristo nao wana sakramenti yao, au agano lao, kila kanisa na mafundisho yake. Kitu cha pili ni ile ndoa inayoandikwa katika daftari la Serikali: taarifa ya siku 21 kabla, mfungishaji mwenye leseni, cheti. Kwa watu wengi vitu hivi viwili huja siku moja, pamoja na ubani na pilau, kwa hiyo tumezoea kuviita kwa jina moja na kudhani ni kitu kimoja.

Ofisini kwangu vinaachana kila wiki. Anakuja mama ambaye nikahi yake haina doa: khutba ilisomwa, mahari yalitolewa, baba yake akapewa kilemba na mama yake mkaja. Miaka mingi imepita, mume amefariki, mashahidi wametangulia, cheti hakijawahi kuwepo. Mashemeji wanasimama mbele ya hakimu na kusema huyu alikuwa hawara tu. Mbele ya Mungu ni mjane. Mbele ya karani hana jina. Mama wa namna hii nimemhudumia si mara moja, na kila mara roho huniuma upya.

Na kinyume chake kipo. Kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama itachukulia kuwa ni wanandoa, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mzee wangu, wewe na mimi tunajua msikiti unakuitaje kuishi kwa namna hiyo. Sheria ya nchi inatumia jina jingine, kwa sababu inamtazama mwanamke atakayefukuzwa na watoto wake mikononi baada ya miaka 15. Tangu 1971 mambo haya mawili yamekaa jirani. Je, kuna imamu hata mmoja aliyelazimishwa kusema mimbarini kwamba kuishi bila nikahi ni halali? Hakuna.

Sheria ile yenyewe ilizaliwa katika mabishano ya namna hii. Kabla yake kila kundi lilikuwa na njia yake: ya Kikristo na ya kiserikali, ya Kiislamu, ya kimila. Mwaka 1969 Serikali ikatoa mapendekezo ya kuziweka zote chini ya sheria moja, na watu wakayajadili. Kilichotoka kiliweka ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi ndani ya sheria hiyohiyo. Padri hakulazimishwa kumfungisha mtu ndoa ya mke wa pili. Sheikh hakuzuiwa. Daftari likapanuka kuwapokea raia wote walivyokuwa, na kila mimbari ikabaki na mafundisho yake. Na Katiba yetu, Ibara ya 19, inasema kazi ya dini na uendeshaji wa jumuiya za dini viko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hiyo ndiyo kinga ya sheikh wako, na ni kinga nene.

Lakini wewe uliuliza juu ya nchi zilizokwishakubali, na usingependa nikufariji kwa maneno matupu. Uholanzi ilikuwa ya kwanza duniani, Aprili 2001, na ilichobadili ni daftari la Serikali. Uingereza ilipotunga sheria yake mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi katika kulinda dini: Kanisa la Uingereza limezuiwa na sheria yenyewe kufungisha ndoa hizo, na dini nyingine hazifungishi mpaka zenyewe ziombe kuandikishwa kwa ajili hiyo. Afrika Kusini, jirani yetu, Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu mwishoni mwa 2005, Bunge likatunga sheria mwaka 2006, na viongozi wa dini wakabaki huru kukataa. Mahali ambapo hofu ya wazee wako inapata kitu cha kushika ni Denmark, kwa kuwa kule kanisa kubwa ni la taifa. Mwaka 2012 Bunge lao liliamua kwamba ndoa hizo zifungwe kanisani. Hata hapo, mchungaji mmoja mmoja anaweza kukataa kwa dhamiri yake, ila mwingine lazima atafutwe. Hiyo ni gharama ya kanisa kuwa mkono wa Serikali. Nchi yetu Katiba inaiita isiyokuwa na dini, na watu wengi wa dini hulisikia neno hilo kama tusi. Mimi kila nikisoma mambo ya Denmark nalipenda zaidi.

Palipo na msuguano wa kweli si mimbarini. Ni kwenye meza ya karani. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 2015, karani wa kaunti Kim Davis alikataa kutoa leseni za ndoa hizo kwa sababu ya imani yake, na akawekwa ndani siku kadhaa kwa kukaidi amri ya mahakama. Afrika Kusini iliwaruhusu kwanza maofisa wa Serikali wenye pingamizi la dhamiri wasizifungishe, kisha mwaka 2020 ikaifuta ruhusa hiyo. Hili lina hoja pande zote, ila mimi naegemea upande mmoja: anayelipwa na kodi ya wote anawahudumia wote, na dhamiri yake ikimkatalia, ofisi nyingine zipo. Kuhusu wafanyabiashara, Wamarekani bado wanavutana. Mwoka keki wa Colorado, aliyekataa kuwaokea wanaume wawili keki ya harusi yao, alishinda katika Mahakama ya Juu mwaka 2018, hasa kwa sababu tume iliyomhukumu ilionyesha kuidharau dini yake. Narudi kwenye swali lako: sheikh na padri, hapana. Karani, ndiyo, katika nchi hizo. Muuza duka, inategemea.

Na usidhani dini zimekaa kimya zikisubiri kuamuliwa. Mwaka 2003 Waanglikana wa Marekani walipomweka wakfu askofu anayeishi waziwazi na mwanamume mwenzake, Kanisa Anglikana Tanzania, ambalo mizizi yake mingine iko hapa kwetu Magila, Muheza, halikungoja mtu. Desemba 2006 maaskofu wake walitangaza kwamba ushirika wao na kanisa lile umejeruhika, na Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam na kulijadili jambo hilo kwa machungu. Desemba 2023 Roma iliporuhusu mapadri kuwabariki watu walio katika mahusiano ya namna hii, baraka isiyofanana na ndoa, maaskofu Wakatoliki wa Afrika walijibu Januari 2024, kwa kauli ya Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwamba huku baraka hizo hazitatolewa. Hakuna serikali iliyowaadhibu kwa kauli hizo. Uhuru wa kuamini ndio huo, unaonekana kwa macho.

Kuna mzee alikwambia kwamba Serikali imekwisha kutia saini mikataba na imefungwa. Hili nalisikia sana, na si kweli. Ibara ya 23 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inataja haki ya wanaume na wanawake kufunga ndoa. Wanawake wa New Zealand waliotaka kuoana walipopeleka shauri chini ya mkataba huo mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Kamati iliamua mwaka 2002 kwamba nchi hailazimiki kuruhusu ndoa ya jinsia moja. New Zealand ikaja kuiruhusu mwaka 2013 kwa kura za Bunge lake yenyewe. Lakini Kamati hiyohiyo, mwaka 1994, katika shauri lililotoka Tasmania, Australia, ilisema kumfanya mtu mhalifu kwa yale anayofanya faraghani na mtu mzima mwenzake kwa ridhaa kunavunja haki ya faragha. Na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo chetu wenyewe, ilipitisha azimio Luanda mwaka 2014 la kuzitaka nchi ziwalinde watu wasipigwe na kuteswa kwa sababu ya wanavyodhaniwa kuwa katika mambo ya jinsia. Azimio hilo halikuzungumza chochote juu ya ndoa.

Hapo umeona mahali mjukuu wako na wazee wako wanapokosea pamoja. Kuna haki ya kuachwa, na kuna haki ya kutambuliwa. Unapokwenda msikitini huombi kitu kwa mtu. Unataka tu usizuiwe njiani. Hiyo ni haki ya kuachwa. Anayetaka ndoa yake iandikwe anaiomba jamii nzima iweke muhuri, na jamii ina haki ya kuuliza muhuri huo una maana gani kabla ya kuuweka. Mjukuu anazifanya haki hizi mbili kuwa moja, ndiyo maana hoja yake inaruka. Wazee nao wanazifanya moja, ila kwa mwelekeo wa kutisha zaidi: wameanza kwa kukataa muhuri, wakamalizia kwa kumkatalia jirani usingizi wa nyumbani kwake.

Ila mjukuu usimnyamazishe. Anayo hoja, na mimi wa mirathi naielewa labda kuliko anavyoielewa yeye. Kesi iliyobadili sheria Marekani nzima ilianza na mstari mmoja wa cheti cha kifo. Jim Obergefell wa Ohio aliishi na mwenzake, John Arthur, miaka zaidi ya 20. Arthur akapatwa na maradhi yanayoulemaza mwili kidogo kidogo mpaka pumzi. Jimbo lao halikuruhusu ndoa yao, basi Julai 2013 wakapanda ndege ya kubebea wagonjwa mpaka Maryland, wakaoana ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakageuza. Arthur alifariki Oktoba mwaka uleule. Alichokuwa anadai Obergefell ni kwamba cheti kisimwandike marehemu kuwa hakuwa na mwenzi. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ikampa haki, majaji watano kwa wanne. Waweza kusema, na mimi nasema, kwamba dini yangu haimwiti yule mume wa yule. Lakini nikimkumbuka yule mama wa mashemeji, siwezi kusema sielewi kwa nini mtu atapigania mstari mmoja wa karatasi.

Kuna jambo watu huliingiza hapa, nalo ni mila ya Wakurya wa Mara inayoitwa nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa nyumba yake. Wanandi wa Kenya wanayo ya kufanana nayo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyokaa Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa kwa mila hiyo kuwa mrithi wa marehemu. Hii si mapenzi ya jinsia moja, na anayeitumia kusema hivyo anawakosea wale mama. Ila inatuonyesha kwamba Waafrika nao walikwisha kulinyoosha neno ndoa walipotaka mtoto apate ukoo na mzee apate wa kumtunza. Kwa hiyo, anayesema ndoa ya Afrika ilikuwa na sura moja tangu Adamu na Hawa hajafika Tarime.

Niseme na hili la lugha, maana linaniudhi. Huku kwetu mwanamke humwita rafiki yake wa chanda na pete shoga. Mama yangu alikuwa na mashoga zake wa Makorora na Chumbageni, wakienda mikoleni na misibani pamoja. Neno la upendo limegeuzwa jiwe la kumtupia mwanamume, na sasa wasichana wadogo wanaona haya kulitamka.

Tuje kwa fundi.

Sheria ilivyo leo ni kali, nami siwezi kukuficha. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inamwadhibu mwenye kuingiliana kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Hakijali kama wahusika ni watu wazima waliokubaliana. Kiwango hicho cha chini, miaka 30, ndicho hichohicho cha mbakaji. Mimi naamini mizani hapo imepinda. Aliyemvunja mtu mwili na roho kwa nguvu hawezi kulingana na wawili waliotenda dhambi kwa ridhaa yao nyuma ya mlango uliofungwa. Dhambi si lazima iwe jinai. Usengenyaji ni dhambi, kuacha sala ni dhambi kubwa, na hatujajenga jela za watu wa makosa hayo. Hayati Papa Francis, ambaye kanisa lake halijabadili mafundisho ya ndoa, alisema Januari 2023 kwamba kuwa hivyo si jinai. Hayo ni maoni yangu. Bunge ndilo lenye sheria.

Lakini hata kwa sheria hiyo kali, mzee wangu, kinachoadhibiwa ni tendo lililothibitishwa mahakamani. Hakuna kifungu cha mwendo. Hakuna kifungu cha sauti. Katiba, Ibara ya 13, inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mtu aliyekwisha kukutwa na hatia, na inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtu yeyote. Ibara ya 16 inalinda faragha ya nafsi yake na maskani yake. Wakimtoa nje usiku, wakamvua nguo, wakampiga, watakaokuwa na kesi ya jinai ni wao. Akitokea mjanja wa kumtishia ili ampe fedha, huyo naye ni mhalifu, na vijana wengi wanaliwa kwa njia hiyo wakiogopa kusema. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa mmoja alipotangaza kikosi cha kuwasaka watu wa namna hii, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba huo ulikuwa mtazamo wake binafsi na si msimamo wa Serikali. Kama mkuu wa mkoa hakupewa mgongo, wazee wa baraza watapewa na nani?

Na kwa kuwa wenzako wametanguliza dini, nami nije na dini. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote matatu ndani ya aya moja. Baba alikuwa akitusimulia kisa cha Sayyidna Umar, aliyesikia sauti za ulevi ndani ya nyumba akapanda ukuta kuingia. Mwenye nyumba akamwambia: mimi nimemwasi Mungu kwa moja, nawe umemwasi kwa matatu, kakataza kupeleleza, umepeleleza, kaamuru tuingie milangoni, umepanda ukuta, kaamuru tubishe hodi na kutoa salamu, hukutoa. Umar akatoka akamwacha. Na wanazuoni wa Shafi wameitaka hukumu ya jambo hili iwe na mashahidi wanne walioona kwa macho yao, kama zinaa. Anayemsingizia mtu zinaa akakosa mashahidi, Suratul Nur aya ya 4 inamwekea mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Ni wangapi pale barazani walioona? Hayupo hata mmoja. Basi kwa kipimo cha dini hiyohiyo waliyoitaja, anayepaswa kuogopa si fundi.

Wakristo wa mtaani kwenu nao wanalo la kujikumbusha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalitaja tendo lenyewe kuwa ni kosa, kisha katika mlango huohuo inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, wala wasibaguliwe pasipo haki.

La watoto nimelibakisha kwa sababu ndilo zito kuliko yote, na hofu ya mzazi siidharau. Anayemgusa mtoto, wa kike au wa kiume, ni mhalifu bila mjadala, na kifungu hichohicho cha 154 kinampa kifungo cha maisha aliyemfanyia aliye chini ya miaka 18. Ridhaa ya mtoto haipo katika sheria. Lakini tazama mzee wangu kinachotokea tukiuchanganya uhalifu huo na mwendo wa fundi cherehani. Macho yote yanamwelekea yeye. Wanaofika ofisini kwangu na mashauri ya watoto waliodhuriwa, mara nyingi mno aliyetajwa ni mtu wa ndani: mjomba, jirani aliyeaminiwa, mwalimu, binamu aliyelala chumba kimoja nao. Hao hawatembei kwa mwendo wowote. Kama baraza linataka kuwalinda watoto wa mtaa, liulize nani anawapeleka na kuwarudisha watoto wa chuo magharibi, wanalala na nani nyumba zikijaa wageni, na kama mama wa mtoto anajua njia ya kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Huyo fundi, akifanya kosa kwa mtoto, apelekwe hukohuko kama mtu mwingine yeyote, kwa jina la kosa alilotenda.

Nimekwambia imani yako inaanzia wapi? Inaanzia kwako, kwa wanao, kwa watakaokuomba uwe walii au shahidi wa nikahi zao, na kwa neno utakalosema hadharani bila woga kwamba jambo hili dini yako imelikataza. Hakuna wa kukunyang'anya hilo. Mlango wa fundi uko nje ya mpaka huo.

Umeandika kwamba mwenye nyumba yake amekwisha kushawishiwa, na wanangoja tu wewe uitikie kwa kuwa ni mkubwa wa baraza. Usiitikie. Mwite mwenye nyumba peke yake, baada ya Isha, si mbele ya watu. Mwambie kumtoa mpangaji kabla ya muda, bila notisi, na vyombo vyake kutupwa nje, ni shauri la madai, na kikivunjika kitu au mtu ni jinai juu yake. Kama ana sababu halali ya kukatisha upangaji, kodi haijalipwa au nyumba anaitaka mwenyewe, aje ofisini na mkataba wao, hata kama ni karatasi ya daftari iliyosainiwa mbele ya mjumbe. Tutausoma, tutahesabu miezi iliyolipwa, na notisi itaandikwa inavyotakiwa. Na kama hana sababu hiyo, fundi ana cherehani yake na kodi amelipa.